Aliyeitwa Dereva

Siku Belyse alipompigia simu kaka yake kumwomba aje kucheza vikaragosi kwenye harusi yake, Callixte alikuwa amelala chali sakafuni, na Owuor amekaa kando yake akimshonea Bibi Tausi kiatu. Bibi Tausi alikuwa kikaragosi cha mti, mkubwa kama mtoto wa miaka saba, mwenye kilemba cha bluu na uso wa mtu aliyeona mengi na kuyacheka yote. Callixte aliweka simu kifuani, sauti ikasikika chumba kizima.

"Njoo naye," Belyse akasema. "Nimemwandalia kiti karibu yako. Usiniambie habari za Mama, harusi ni yangu."

Owuor aliinamisha kichwa juu ya kile kiatu, lakini Callixte aliona shavu lake likijaa tabasamu. Kwa miaka sita waliyoishi pamoja katika nyumba yao ndogo ya Vårby gård, Owuor hakuwahi kualikwa kwa jina popote penye ukoo wa Callixte. Belyse ndiye pekee wa ukoo aliyejua habari zao. Aliambiwa na kaka yake mwenyewe wakiwa ndani ya treni, akamshika mkono, akaanza kumuuliza kama huyo Mkenya anajua kupika.

Callixte alikuwa na miaka thelathini na minne. Aliingia Sweden akiwa na kumi na mmoja, mkono mmoja ameshikwa na mama yake, mwingine amemshika Belyse aliyekuwa bado ananyonya kidole. Baba yao hakufika. Mama Emérithe aliwalea wawili hao katika kitongoji cha Tumba kwa kazi ya kuwahudumia wagonjwa katika hospitali ya Flemingsberg: kuwaogesha, kuwageuza, kuwalisha. Siku za mapumziko aliimba kwaya. Hakuwa mama wa makelele. Alikuwa na desturi ya kunyamaza tu, na kimya chake kiliwafunza watoto wake kuchunga midomo kuliko ambavyo kiboko kingewafunza.

Owuor alikuja kusomea sanaa ya jukwaa, masomo yakaisha, akabaki. Walikutana kwenye semina ya vikaragosi. Callixte alikuwa mwalimu wa chekechea aliyekwenda kujifunza jambo la kuwachekesha watoto wake. Mwanamume mrefu akasimama mbele yake na kile kikaragosi mikononi, akamwambia kwa Kiswahili, kana kwamba amejua tangu mlangoni kwamba watasikizana, "Hiki kinachezwa na watu wawili. Mimi nina kichwa na mkono wa kulia. Natafuta mkono wa kushoto."

Callixte akashika. Hakuuachia tena. Aliacha chekechea, wakamwita Zara, binti wa Kitanga aliyekulia Södertälje, awe wa taa na muziki na kuendesha gari, wakawa kundi. Walizunguka na gari lao jeupe kutoka maktaba hadi maktaba, shule hadi shule, nyumba za wazee, mpaka huko kaskazini ambako wakati wa baridi jua halitoki. Mchezo wao mkubwa ulikuwa wa Bibi Tausi anayejifunza kuendesha baiskeli kwenye theluji. Bibi alianguka mara tisa, akasimama mara kumi, na watoto walimhesabia kwa sauti.

Usiku wa kuamkia harusi Callixte alimweleza Owuor kwamba mjomba wao Séverin atakuwepo, amekuja kutoka Brussels. Huyo ndiye aliyekuwa baba kwao kwa njia ya simu tangu wakiwa wadogo. Mama hafanyi jambo bila kumuuliza. Owuor alimjibu asijisumbue. Aliwahi kuitwa rafiki, akaitwa mpangaji mwenza, akaitwa mfanyakazi mwenza. Lolote kati ya hayo litatosha kwa siku moja.

*

Ukumbi ulikuwa Tumba, hatua chache kutoka kituo cha treni. Ulikuwa mwezi wa Aprili mwanzoni, jua limetoka, na akina mama walikuja na vitenge vyao vya mshono mmoja. Mchezo ulifanywa kabla ya chakula, wachezaji wamevaa nguo nyeusi na kujifunika nyuso kama kawaida yao. Bibi Tausi alianguka na baiskeli yake, watoto wakahesabu kwa Kiswidi na wakubwa wakahesabu kwa Kirundi, na alipofika mara ya tisa Mama Emérithe, ambaye hakuwahi kuuona mchezo huo hata siku moja, alikuwa amejifunika uso kwa leso, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Callixte alimwona kutoka nyuma ya mgongo wa Bibi. Moyo wake ukamwambia kwamba leo huenda mambo yakaenda vizuri.

Kisha watu wakakaa kula. Belyse alikuwa ameweka vijikaratasi vya majina mezani kwa mwandiko wake mwenyewe, na karatasi ya Owuor ilikuwa pale alipoahidi, meza ya ukoo, kati ya Callixte na shangazi mmoja kiziwi. Owuor alikaa. Alivaa shati jeupe alilolipiga pasi mara mbili. Alimpakulia shangazi wali, akamsogezea maji.

Mjomba Séverin alikuwa mtu wa heshima, mpole, mwenye sauti nzito ya kuongozea maombi. Alizunguka meza akimsalimu kila mmoja na kumuuliza ni wa nani. Alipofika kwao, alimshika Callixte begani, akampongeza kwa mchezo, halafu akamtazama Owuor.

"Na huyu kijana ni nani wetu?"

Swali lilikuwa la kawaida tu. Callixte alifungua mdomo aseme rafiki. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini aliinua macho na kumwona mama yake ng'ambo ya meza, ameacha kutafuna, anaitazama sahani yake, anasikiliza. Ukampata woga asioujua ulikotoka. Rafiki likaonekana kwake neno lenye mlango wazi, ambalo mtu angeweza kulisukuma kidogo akaona hadi chumbani.

"Huyu ni dereva wetu, Mjomba."

Mjomba hakuwa na ubaya. Alimpa Owuor mkono, akamshukuru kwa kuwafikisha vijana salama, kisha akamweleza kwa upole kwamba hapa wamebanana, wageni wengine wa ukoo wako njiani, na kwamba kule karibu na jiko wametengewa meza wale waliokuja kwa kazi. Atakuwa huru zaidi kule.

Owuor hakusimama mara moja. Alimgeukia Callixte, akamtazama. Hayakuwa macho ya hasira. Yalikuwa macho yale yale aliyomtazama nayo jukwaani kabla ya kila mchezo, yanayouliza, uko tayari? Akayaacha hapo, akangoja. Pumzi moja. Mbili.

Callixte alisogeza kiti chake mbele ili Owuor apate njia ya kupita.

Owuor alikula wima pembeni ya sinki, pamoja na vijana wa muziki. Alipomaliza alikunja mikono ya shati akawasaidia wanawake kuosha sufuria. Zara alimfuata akitaka kwenda kusema maneno mezani. Owuor akamkataza, akamwambia Belyse haolewi mara mbili. Na saa ilipofika ya picha ya ukoo, mpiga picha alikuwa ametoka na bwana harusi kule nje, na mtu mmoja, hata Callixte hakumbuki alikuwa nani, aliita kuelekea jikoni, "Dereva, hebu tusaidie."

Akaja. Akajifuta mikono, akapokea simu ya mtu, akawapanga. Alimwomba shangazi asogee mbele, akamwomba Mjomba ainue kidevu. "Kali," akasema, kwa lile jina alilompa kwa utani kwa kuwa hakuna mtu asiye mkali kama yeye, "sogea kwa mama yako. Umekaa mbali." Callixte akasogea. Owuor akapiga picha tatu, akazikagua kama zimetoka vizuri, akarudisha simu kwa mwenyewe.

*

Hawakugombana siku ile. Waligombana kesho yake asubuhi, Jumapili, kama huko kulikuwa kugombana. Owuor alikuwa ameamka mapema, amekunywa chai, ameosha kikombe. Callixte alipotoka chumbani alimkuta amekaa mezani na simu mbele yake.

"Wale watu wa Umeå bado wananitaka," alisema. "Nimewaandikia kwamba nakuja."

Ilikuwa ni kazi ya mwaka mzima katika jumba moja la vikaragosi kule kaskazini. Walimwomba tangu Februari. Aliikataa bila hata kumaliza kuisoma barua, kwa sababu ya Callixte. Callixte alikaa chini taratibu. Alianza kuomba radhi, maneno yakatoka yote pamoja, kwamba alishikwa, kwamba Mjomba alimjia ghafla, kwamba Mama alikuwa anasikiliza, kwamba hakukusudia, kwamba angeweza kumpigia Mjomba leo hii.

Owuor alimwacha amalize.

"Mimi hata gari sijui kuendesha, Kali," akasema.

Callixte aliacha kuomba radhi.

"Nimelifikiria usiku kucha, ni kitu gani hasa kimeniuma. Maana nimeitwa mengi mama yako akisikia, na sikulia. Rafiki, ni kweli mimi ni rafiki yako. Mpangaji mwenzio, ni kweli tunapanga pamoja. Hayo yote yalikuwa na mimi kidogo ndani yake. Nilikuwa natafuta sehemu yangu humo, naipata, nalala. Jana nimetafuta sijaona. Ulimtaja mtu mwingine kabisa. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale, bega langu limegusana na lako, na hukunitaja."

"Niliogopa."

"Najua uliogopa. Mimi sijawahi kuogopa?"

Callixte alijua jibu. Alikijua kisa kile chote. Owuor alimwambia baba yake ukweli miaka minane iliyopita, kwa simu, kwa sauti ya kutetemeka, na baba akakata simu na hakuipokea tena. Baba alipofariki, Owuor alitazama mazishi kwenye simu ya binamu aliyejificha nyuma ya watu, picha ikikatikakatika. Callixte ndiye aliyemshika siku ile, hapa hapa, kwenye kiti hiki.

"Mimi sikukutaka umpoteze mama yako," Owuor akaendelea. "Sikukwambia hata siku moja, mwambie. Najua kinavyouma, nisingekutakia. Nilichotaka ni kidogo sana. Nilitaka nisikanwe nikisikia."

Callixte alipiga magoti, akamshika mikono. Aliahidi atamwambia Mama, leo, sasa, afuatane naye hadi Tumba wakamkute akitoka kanisani. Owuor alimpapasa kichwa kwa muda mrefu, vidole vikipita kwenye nywele zake kama siku zote, na upole ule ndio uliomtisha Callixte kuliko maneno, maana mtu aliyekasirika hurudi.

"Ukimwambia leo, utamwambia ili nisipande treni," Owuor akasema. "Halafu atalia, na wewe utanitazama kila siku kama mtu aliyemliza mama yako. Sitaki kuwa huyo."

*

Walikuwa wamebakiwa na mchezo mmoja wa kufanya, Alhamisi, katika maktaba moja ya kusini mwa mji. Hawakuweza kuukwepa; watoto wa shule mbili walikuwa wameshaandaliwa. Zara aliendesha gari bila kufungulia muziki. Aliwatazama wote wawili kwenye kioo.

Anayeketi mbele ya Bibi Tausi haoni chochote ila Bibi Tausi. Lakini nyuma yake wanaume wawili husimama wamegusana ubavu kwa ubavu, goti nyuma ya goti, na mmoja asipovuta pumzi pamoja na mwenzake, kifua cha Bibi hakipandi na watoto huona wamepewa kipande cha mti. Ndivyo Owuor alivyomfundisha tangu siku ya kwanza. Alimwambia aache kutazama mkono, asikilize pumzi.

Callixte alisikiliza. Alisikia pumzi ile aliyoizoea kitandani, inayoenda polepole, yenye kikwaruzo kidogo mwishoni. Harufu ya sabuni yao, mafuta ya nazi, jasho jepesi shingoni. Bibi Tausi alipanda baiskeli, akaanguka. Watoto wakaanza kuhesabu. Alipoanguka mara ya nne, Callixte alihisi ubavu wa Owuor ukitetemeka dhidi ya wake na akajua bila kugeuka kwamba mwenzake analia. Kichwa cha Bibi hakikutikisika hata chembe. Kilitazama baiskeli, kikawatazama watoto, kikapepesa macho, na watoto wakavunjika mbavu.

Mara ya tisa. Bibi akasimama. Akaendesha baiskeli jukwaa zima, kilemba kinapepea, na wao nyuma yake wakikimbia hatua kwa hatua, nyonga kwa nyonga, hakuna aliyemkanyaga mwenzake. Callixte aliomba jukwaa lisifike mwisho. Lilikuwa la mita sita.

Baada ya makofi, Owuor alimlaza Bibi kwenye sanduku, akamkunjia mikono, akamfunika. Callixte alimuuliza kama hamchukui. Yeye ndiye aliyemchonga. Owuor alisema Umeå kuna vikaragosi vingi, na huyu ameshazoea hapa.

*

Treni ilikuwa ya saa nne asubuhi, Jumamosi. Zara alimuaga nje, akamkumbatia mpaka miwani ikapinda, akabaki kwenye gari. Callixte alimsindikiza hadi ndani akimbebea begi, kana kwamba begi lisipofika kwenye treni na Owuor hatafika. Kituo kikuu kilijaa watu wa mwisho wa juma, wenye mbwa, wenye masanduku ya magurudumu. Pale mbele ya behewa Callixte alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya hadharani kwa miaka sita, hata kwenye mji huu ambao hakuna mtu angegeuka kutazama. Alimshika Owuor uso kwa mikono miwili na kumbusu.

Owuor alifumba macho. Alibaki hivyo kidogo hata baada ya Callixte kumwachia.

"Hapa hakuna anayekujua," akasema taratibu. Hakusema kwa kumchoma. Alikuwa akieleza tu. Akachukua begi lake, akapanda.

*

Wiki mbili zilipita. Zara aliahirisha safari za Mei, akawaambia wenye maktaba kwamba mmoja wao anaumwa, na hakuwa amedanganya sana. Callixte alilala upande wake wa kitanda, akiacha upande wa pili kama ulivyokuwa. Alimpigia Owuor siku ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alijibiwa kwa ujumbe mfupi kwamba amefika salama, ana chumba chenye dirisha, na anaomba apewe muda.

Jumatano moja mchana kengele ya mlango ililia. Alikuwa mama yake, bado amevaa viatu vyeupe vya kazini, ameshika mfuko wenye bakuli la maharage na jingine la ndagala, wale dagaa wa kwao. Mama Emérithe hakuwahi kufika katika nyumba hiyo zaidi ya mara tatu, na kila mara alikaa kwenye ukingo wa kochi bila kuvua koti. Safari hii alivua. Alipita jikoni, akaona vyombo visivyooshwa, akaviosha. Alirudi, akaketi mbele ya mwanawe, akamtazama uso uliokonda.

Alimuuliza kama anakula. Alimuuliza kama anakwenda kazini. Kisha akauliza, akiutazama mlango wa chumba, "Yule Mkenya yuko wapi?"

"Ameondoka, Mama. Amepata kazi mbali."

"Harudi?"

"Sidhani."

Mama alitikisa kichwa polepole. Alikuwa anasugua kiganja kimoja kwa kingine, mikono yake iliyokauka kwa dawa za hospitali.

"Ulipopasuliwa tumbo," akaanza, "ile miaka minne nyuma. Nilikuwa zamu ya asubuhi, nikapanda juu kukuona kabla sijabadilisha nguo. Nilifungua mlango. Ulikuwa umelala. Na yeye alikuwa amekaa kwenye kiti, ameinamia kitanda chako, usingizi umemchukua, ameshika mkono wako na kuuweka chini ya shavu lake. Hivi." Akaegemeza shavu kwenye mkono wake mwenyewe kumwonyesha. "Nimewahudumia watu miaka kumi na minane, mwanangu. Naona wanaokuja kukaa na wagonjwa. Rafiki halali hivyo. Nilifunga mlango, nikaenda chumba cha mashuka, nikakaa juu ya mashuka mpaka wakaja kunitafuta."

Callixte alianza kuhesabu nyuma. Miaka minne. Kila kikombe cha chai alichompa kwa kujichunga, kila jina la msichana wa kubuni, kila mara aliposhusha sauti kwenye simu.

"Ulijua," akasema hatimaye. "Siku ya harusi ulikuwa unajua."

"Nilijua. Nilisikia ulivyomwita. Nikafurahi." Sauti yake ilikuwa kavu. "Sitakudanganya. Nilisema moyoni, Mungu ameanza kujibu. Kwa maana nilikuwa namwomba, kila Alhamisi, tangu ile siku ya mashuka. Nilimwomba amwondoe. Sikumwombea mabaya, sikusema augue, sikusema afe. Nilisema tu aondoke, aende zake salama, niachiwe mtoto wangu. Sasa ameondoka. Belyse ameniambia. Nimekuja nikitaka kushukuru, nimekaa hapa nakutazama, na siwezi."

Alitoa leso, lakini hakuitumia. Aliikunja mara mbili, akaikunjua.

"Usidhani nimebadilika," akasema. "Bado jambo hili linanishinda. Ungeniambia mwenyewe ningelia mwaka, pengine miwili. Ningekufukuza mlangoni na kukuita tena. Lakini ungekuwa umenipa nafasi ya kukasirika na mtu. Mmenifanya nikasirike peke yangu miaka minne, na wewe ukaogopa peke yako, na yule kijana wa watu akaosha sufuria kwenye harusi ya mtoto wangu. Nilimwona anaosha. Nilipita pale kuchukua maji, akanisalimu shikamoo."

Hapo ndipo Callixte alipolia. Alilia kama mtoto, kwa sauti, uso kwenye magoti ya mama yake, na Mama Emérithe alimshika kichogo kwa ule mkono uliowageuza wagonjwa wengi, bila kumwambia nyamaza. Treni za kwenda mjini zilipita chini, moja, nyingine.

"Jina lake nani?" akauliza. "Nimemwombea miaka yote namwita yule."

"Owuor."

"Owori," mama akajaribu.

"Owuor, Mama. Nilimpenda. Nampenda. Tulikuwa tunaishi kama mume na mke." Hakujua kama ndivyo lilivyopaswa kusemwa. Ndivyo lilivyotoka.

Mama alifumba macho kama mtu aliyechomwa sindano, akayafumbua. "Nimesikia," akasema. Alimpakulia maharage, akamwambia ale yakiwa moto, akavaa koti. Mlangoni alisema kesho ni Alhamisi, atakwenda kwenye maombi kama kawaida, ila hajui ataomba nini.

Alipoondoka Callixte alichukua simu. Hakutegemea kupokelewa, lakini Owuor alipokea mlio wa pili, na nyuma yake kulikuwa na sauti za nyundo na watu. Callixte alimweleza yote, tangu mashuka hadi maombi, bila kuficha hata lile la mama kufurahi. Owuor alisikiliza. Nyundo zikanyamaza, lazima alikuwa ametoka nje.

"Na jina langu ulimwambia wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Na mengine."

"Akalitamkaje?"

Callixte akamwigiza, Owori, kwa sauti ya mama yake. Owuor alicheka, kile kicheko chake cha tumboni, na katikati kicheko kikageuka kitu kingine, na kwa muda wote wawili walisikia pumzi tu, moja huku, moja kule.

"Nimefurahi, Kali," Owuor akasema. "Kwa ajili yako nimefurahi sana. Ungelisema Jumamosi ile ya harusi ningelia mbele ya mjomba wako na ningecheza ngoma mpaka asubuhi."

"Na sasa?"

"Sasa nimelisikia." Alivuta pumzi. "Nilidhani siku nikilisikia nitakimbia kurudi. Nilikuwa najiandaa kwa hilo, kila siku, miaka sita. Leo nimesimama hapa, nangoja miguu ikimbie, na haikimbii. Sijui nikuambie nini zaidi. Nimechoka mahali ambapo sikujua panachoka."

Callixte hakubisha. Alimuuliza kama kule kuna baridi bado. Owuor alisema theluji imebaki kwenye vivuli tu, ila mto umeshafunguka, unapita na mabonge ya barafu, ni kitu cha kutazama. Mtu alimwita kwa Kiswidi kutoka ndani, wanamngoja kwa mazoezi.

"Naenda," akasema.

"Nenda," Callixte akamjibu, na akabaki ameshika simu sikioni mpaka ilipokatika upande wa pili.